Svante Arrhenius (1859–1927): Mtu Aliyeziona Ioni Ndani ya Maji ya Chumvi

Mtahiniwa, kabla hujaanza maswali ya mada ya vifungo vya kemikali, soma kwanza maisha ya mtu huyu. Jina lake utalikuta tena kwenye mada ya asidi na besi, pale unapotakiwa kueleza kuwa asidi ni dutu inayotoa ioni za haidrojeni ndani ya maji. Lakini kazi yake kubwa haikuanza na asidi. Ilianza na swali ambalo mtoto yeyote wa Pemba aliyewahi kufika kwenye mashamba ya chumvi angeweza kuliuliza: chumvi ikiingia majini inakuwa nini?

Sisi hapa tunajua chumvi inavyopatikana. Bamvua linapojaa, maji ya bahari huingizwa kwenye vidimbwi vilivyotengenezwa nyuma ya mikoko, yakazuiliwa humo, na jua likafanya kazi yake siku baada ya siku. Maji huondoka, chumvi ikabaki chini, nyeupe, na ukiitazama kwa karibu utaona punje zake zina pembe kama vijisanduku. Sasa chukua betri, nyaya na taa ndogo ya tochi. Gusisha nyaya kwenye chumvi kavu: taa haiwaki. Zitie kwenye maji safi ya maabara, yale yanayotokana na mvuke uliopozwa: taa haiwaki. Koroga chumvi ndani ya maji hayo, na taa inawaka. Vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake kilishindwa, vimewezaje vikiwa pamoja? Fumbo hilo ndilo lililomshughulisha Arrhenius tangu ana miaka ishirini na kidogo, na nusura limkoseshe kazi.

Svante August Arrhenius alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 katika shamba la Vik, karibu na mji wa Uppsala, nchini Uswidi. Baba yake alikuwa mpima ardhi na msimamizi wa mashamba ya Chuo Kikuu cha Uppsala. Inaelezwa kuwa mtoto huyu alijifunza kusoma mwenyewe akiwa na miaka 3, na hesabu alizipata kwa kumtazama baba yake akijumlisha kwenye daftari zake. Alimaliza skuli mwaka 1876 akaingia chuo kikuu cha mji huohuo.

Profesa wa kemia hapo alikuwa Per Teodor Cleve, bingwa aliyegundua elementi mbili, holmiamu na thuliamu, mwaka 1879. Ungedhani kijana mwenye akili angeng'ang'ania kukaa karibu na mtu kama huyo. Arrhenius hakuridhika na mafundisho aliyoyapata Uppsala, na mwaka 1881 akahamia Stockholm kufanya kazi chini ya mwanafizikia Erik Edlund wa Akademia ya Sayansi ya Uswidi. Huko alianza kupima jinsi mimumunyo inavyopitisha umeme. Mmumunyo, kwa ukumbusho, ni kimiminika chenye kitu kilichoyeyuka ndani yake, kama maji yenye chumvi au chai yenye sukari.

Aligundua jambo lisilotarajiwa. Kadiri alivyouzimua mmumunyo kwa kuongeza maji, ndivyo kila sehemu ya chumvi iliyomo ilivyopitisha umeme vizuri zaidi. Angalia vizuri: mmumunyo wote haukuwa na nguvu zaidi, kwa sababu chumvi ndani yake ilikuwa imetawanyika. Lakini ukigawa upitishaji wa umeme kwa kiasi cha chumvi, kila gramu ilikuwa ikifanya kazi kubwa zaidi kuliko pale maji yalipokuwa machache. Kama chumvi ingekuwa inaelea majini ikiwa nzima, maji mengi yasingeisaidia chochote.

Neno ioni lilikuwa limekwishaanza kutumika. Michael Faraday wa Uingereza alilileta mwaka 1834, kwa maana ya kitu kinachokwenda, kwa vile aliona chembe zenye chaji zinaelekea kwenye ncha za betri. Ila wataalamu wengi wakati ule waliamini kuwa umeme wenyewe ndio unaoipasua chumvi na kuzitoa ioni hizo. Hakuna betri, hakuna ioni. Arrhenius akaja na wazo la kinyume: sehemu ya chumvi imekwishagawanyika mara tu inapoingia majini, hata kama hakuna waya wala betri. Umeme hauzitengenezi ioni. Unazikuta.

Alikwenda kwa Cleve kumweleza kuwa ana nadharia mpya ya upitishaji wa umeme. Cleve alimjibu kwa adabu kuwa jambo hilo linavutia, kisha akamuaga. Mazungumzo yaliishia hapo.

Mwaka 1884 Arrhenius aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari Uppsala, kurasa zipatazo 150, iliyoandikwa kwa Kifaransa na kubeba hoja 56. Alikuwa mwangalifu. Hakuandika waziwazi kuwa chumvi imegawanyika kuwa ioni. Alisema kuna molekuli zilizo hai na zisizo hai ndani ya mmumunyo. Hata hivyo wasahihishaji hawakupendezwa. Tasnifu ilipewa daraja la nne, na utetezi wake wa ana kwa ana daraja la tatu. Alifaulu, lakini ufaulu ule haukumtosha mtu anayetaka kuwa mhadhiri wa chuo.

Alichokifanya baada ya hapo kinaonesha tabia yake. Alituma nakala za tasnifu kwa mabingwa wa nje: Rudolf Clausius na Lothar Meyer nchini Ujerumani, van 't Hoff kule Amsterdam, na Wilhelm Ostwald, profesa kijana wa Riga. Ostwald alisimulia baadaye kuwa siku moja ya Juni 1884 alipata mambo matatu kwa mpigo: jino lililovimba, mtoto wa kike aliyezaliwa, na tasnifu ya Arrhenius, na kilichomnyima usingizi ni hiyo tasnifu. Mwezi Agosti alisafiri mwenyewe hadi Uppsala. Walimu waliompa kijana daraja la nne wakamwona profesa wa nchi nyingine amekuja kumtafuta kijana huyohuyo na kumwahidi kazi. Arrhenius hakwenda Riga wakati ule kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa. Baba alifariki mwaka 1885. Lakini kabla mwaka 1884 haujaisha, Uppsala walimpa nafasi ya mhadhiri wa kemia-fizikia.

Akademia ikampa fedha za kusafiri, na miaka iliyofuata aliitumia katika maabara za Ostwald kule Riga, Kohlrausch kule Würzburg, Boltzmann kule Graz na van 't Hoff kule Amsterdam. Safari hizi ndizo zilizompa ushahidi aliokuwa akiuhitaji, na ulitoka mahali ambapo hakuna umeme kabisa.

Van 't Hoff alikuwa akichunguza mambo kama kuganda kwa mimumunyo. Maji safi huganda kwa nyuzi 0 za sentigredi. Ukiyatia sukari, yanahitaji baridi zaidi ili yagande, na kiasi cha kushuka kwa nyuzi kinategemea idadi ya chembe ulizotia, si aina yake. Hesabu ilikubali kwa sukari. Kwa chumvi ya mezani ilikataa: chumvi ilishusha nyuzi karibu mara mbili ya ilivyotarajiwa. Kloridi ya kalsiamu ilikaribia mara tatu. Van 't Hoff aliweka namba ya kurekebishia kwenye kanuni yake bila kujua inatoka wapi. Arrhenius alipoliona jambo hili akatambua namba ile ni nini. Kila kipande cha kloridi ya sodiamu kinahesabika mara mbili kwa sababu ndani ya maji ni vitu viwili. Kloridi ya kalsiamu inahesabika mara tatu kwa sababu ni ioni moja ya kalsiamu na mbili za kloridi. Mwaka 1887 akachapisha nadharia yake kamili, safari hii bila kuficha, katika jarida jipya la kemia-fizikia ambalo Ostwald na van 't Hoff walilianzisha mwaka huohuo.

Hapo ndipo upinzani ulipopamba moto, na hoja ya wapinzani ilikuwa nzuri. Ninaomba uifikirie kwa dakika moja kabla hujaendelea kusoma, maana ndiyo inayowaangusha watahiniwa hadi leo. Sodiamu ni metali laini inayohifadhiwa ndani ya mafuta kwa sababu ikigusa maji inachemka, inatoa haidrojeni na mara nyingine inalipuka. Klorini ni gesi ya rangi ya kijani-manjano yenye sumu. Arrhenius anasema kwamba ndani ya bakuli la maji ya chumvi mna sodiamu na klorini zinazotembea huru. Basi mbona bakuli halilipuki? Mbona anayekunywa mchuzi hafi?

Jibu lake lilikuwa kwamba ioni si atomu. Chembe iliyobeba chaji ni kitu kingine, chenye tabia nyingine. Jibu lilikuwa sahihi, ila hakuweza kulifikisha mwisho, kwa sababu elektroni ilikuwa haijagunduliwa. J. J. Thomson aliigundua mwaka 1897, miaka 10 baadaye. Sisi tunayo, kwa hiyo tulimalizie jibu hilo.

Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, zilizopangwa 2:8:1. Ile moja ya ganda la nje haikushikwa kwa nguvu kubwa. Atomu ya klorini ina elektroni 17, zilizopangwa 2:8:7, na ganda lake la nje lina nafasi ya moja. Metali na isiyo metali zinapokutana, elektroni moja huhama kutoka sodiamu kwenda klorini. Sodiamu inabaki na 2:8, ikiwa na protoni 11 dhidi ya elektroni 10, hivyo ina chaji chanya moja. Klorini inakuwa 2:8:8, ina protoni 17 dhidi ya elektroni 18, hivyo ina chaji hasi moja. Ile elektroni ya nje iliyoifanya sodiamu iwe mkali kwenye maji haipo tena. Ioni ya sodiamu haina cha kufanya na maji isipokuwa kuzungukwa nayo. Ndiyo maana watoto wa Wete na Mkoani wanaogelea kila siku katika bahari iliyojaa ioni za sodiamu bila madhara.

Kifungo cha ioni chenyewe si kule kuhama kwa elektroni. Ni mvutano kati ya chaji chanya na chaji hasi unaofuata baada ya kuhama. Tofauti hii ni ndogo kwa maneno na kubwa kwenye alama. Tena wengi huandika kwamba sodiamu inapenda kutoa elektroni yake. Haipendi. Kuing'oa elektroni hiyo kunahitaji nishati, na mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha tatu niliandika hivyohivyo nikakatwa. Faida inapatikana baadaye, pale mamilioni ya ioni zinapokaa karibu na kuvutana. Nishati inayotoka hapo inalipa gharama yote na kubakisha ziada.

Mambo ni yaleyale kwa magnesiamu na oksijeni, ila hapa elektroni zinazohama ni mbili. Magnesiamu ni 2:8:2 na oksijeni ni 2:6. Ioni zinazotokea zina chaji mbilimbili, zinavutana kwa nguvu zaidi, na ndiyo sababu oksidi ya magnesiamu inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 2,800 ili iyeyuke, wakati chumvi ya mezani inayeyuka kwa nyuzi 801. Kwa kalsiamu na klorini, kalsiamu ina mbili za kutoa na kila klorini inapokea moja tu, hivyo zinatakiwa klorini mbili. Hapo ndipo inapotoka ile mara tatu ya van 't Hoff.

Turudi kwa mtu wetu. Mwaka 1891 alianza kufundisha Stockholm, akawa profesa mwaka 1895, na baadaye mkuu wa chuo hicho. Nadharia yake ikaenea taratibu, zaidi kupitia kwa vijana waliosomeshwa na Ostwald. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, Mswidi wa kwanza kuipata tuzo ya Nobel. Mwenyekiti wa kamati iliyompendekeza alikuwa Per Teodor Cleve, yuleyule aliyemuaga mlangoni. Kumbuka kuwa Cleve alikuwa mtu mzima mwenye heshima yake, na angeweza kunyamaza. Kubadili msimamo mbele ya nchi nzima si jambo jepesi kwa mwalimu.

Kazi zake nyingine nitazipitia kwa haraka kwa kuwa haziko kwenye muhtasari wa mada hii. Mwaka 1896 alipiga hesabu kwa mkono akaonesha kwamba kaboni dayoksaidi ikiongezeka mara mbili angani, joto la dunia lingepanda kwa nyuzi 5 hadi 6. Hesabu za leo zinatoa namba ndogo zaidi, lakini mwelekeo aliuona, na sisi ambao baadhi ya mabonde yetu ya mpunga yameanza kuingiwa na maji ya chumvi hatuwezi kuiona habari hiyo kuwa ya mbali. Kuanzia mwaka 1905 aliongoza taasisi ya Nobel ya kemia-fizikia. Hakuwa malaika. Aligombana kwa miaka mingi na rafiki yake wa zamani, Nernst, na alijiunga na chama cha Uswidi cha kile walichokiita usafi wa mbari, fikra ambazo leo tunajua hazina msingi wa sayansi wala haki.

Kuna jambo moja ambalo nadharia yake haikulifikia, na limo katika mitihani. Yeye alisema chumvi inagawanyika kuwa ioni inapoingia majini. Ukisikia hivyo unaweza kudhani kwamba punje kavu ina molekuli nzima za chumvi, na kwamba maji ndiyo yanayozigawa. Mwaka 1913 William Henry Bragg na mwanawe Lawrence, kwa kutumia eksirei, walionesha jinsi fuwele ya chumvi ilivyojengwa. Hawakukuta molekuli hata moja. Walikuta mpangilio wa zamu, sodiamu kisha kloridi, kila ioni imezungukwa na sita za aina ya pili, juu, chini, kulia, kushoto, mbele na nyuma, hadi mwisho wa punje. Zile pembe za vijisanduku unazoziona shambani zinatokana na mpangilio huo. Mwaka 1916 Walther Kossel wa Ujerumani akaeleza kwa nini: elektroni zilikwishahama tangu kiwanja kilipoundwa.

Kwa hiyo ioni zimo ndani ya chumvi kavu tangu mwanzo. Haipitishi umeme kwa sababu zimefungwa mahali pake haziwezi kutembea. Maji hayazitengenezi, yanazifungua. Kuiyeyusha kwa moto pia kunazifungua, ndiyo maana chumvi iliyoyeyuka kwa moto hupitisha umeme bila tone la maji. Tafadhali usichanganye kuyeyuka majini na kuyeyuka kwa moto unapojibu. Ni mambo mawili, na msahihishaji anataka ayaone yote mawili. Na ukiandika neno molekuli mbele ya kloridi ya sodiamu, unapoteza alama ambayo ulikuwa nayo mkononi. Hata kama utajibu kwa Kiingereza, lielewe kwanza hili kwa Kiswahili.

Usijilaumu sana ikiwa umewahi kukosea hapo. Arrhenius alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927 akazikwa Uppsala. Mwaka huohuo, mkemia mashuhuri wa Uingereza, Henry Armstrong, aliyeipinga nadharia ya ioni kwa takriban miaka 40, alikuwa bado anaandika katika jarida la Nature kulalamika kwamba chumvi ya mezani imenyang'anywa molekuli zake.

Jipime. Mwanafunzi wa Micheweni amechukua maji ya bahari, chumvi kavu kutoka shambani, na maji ya sukari, akavijaribu kwa betri na taa. Eleza kitakachotokea kwa kila kimoja na sababu yake ukitumia neno ioni. Kisha chora mpangilio wa elektroni kabla na baada ya kalsiamu kuungana na klorini, na ueleze kwa nini van 't Hoff alipata karibu 3 badala ya 1.